Redio ndogo ya Biblia ya sauti: kifaa kizuri, kadi mbaya

Redio ndogo za memori kadi, za kushika mkononi, zimeingia katika nyumba nyingi za Mwanza kwa kazi moja: kumsomea Neno mtu aliyelemewa na mawazo usiku, taa zikiwa zimezimwa. Ukipita kwa wachuuzi wa Makoroboi, katikati ya jiji, huikosi. Kwa kazi hiyo redio inafaa, na mzee asiyeona vizuri maandishi hana mbadala rahisi zaidi. Kinachoiharibu ni kadi inayouzwa nayo.

Muuzaji akisema kadi "ina Biblia nzima", sikiliza kwanza. Mara nyingi Biblia imechanganywa na kwaya na mahubiri ya kila aina. Saa tisa usiku mtu anatafuta Zaburi, anaangukia mhubiri anayepaza sauti kuhusu laana za ukoo na wachawi wa mtaani. Aliyeamka na hofu moja analala na tatu. Halafu kuna mpangilio. Redio nyingi za aina hii hazifuati majina ya mafaili, zinafuata yalivyotangulia kuingizwa kwenye kadi. Nyingine hufuata majina, lakini zinaweka sura ya 10 na ya 100 kabla ya ya 2. Zaburi ziko 150, na kubonyeza kitufe gizani mpaka uifikie ya 121 kunamaliza usingizi wote uliobaki.

Kwa hiyo nunua kadi tupu, ya GB 4 au 8. Sauti ya kbps 64 (kipimo cha uzito wa faili la sauti) inakula karibu MB 29 kwa saa, hivyo sura zote 1,189 zinaenea bila shida. Kadi kubwa kuliko GB 32 redio nyingi huikataa, maana huja na fomati nyingine. Kijana wa stationari aifomati kwa FAT32, fomati ambayo redio hizi huisoma. Lakini kadi ya usiku isiwe na Biblia nzima. Iwe na sura tisa, mafaili yakiitwa 01 hadi 09, yaingizwe moja moja kwa mpangilio huu: Wafilipi 4, 1 Petro 5, Mathayo 6, Yohana 14, kisha Zaburi 46, 121, 23, 131 na 4.

Wafilipi inatangulia kwa sababu mstari wa 6 unampa mwenye wasiwasi kazi ya kufanya: "katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Hapo bonyeza kitufe cha kusimamisha. Taja jambo lenyewe kwa sauti: marejesho ya kikundi, ada ya Januari, mume aliye ziwani. Wasiwasi usiotajwa hauna mwisho, unazunguka tu. Kisha taja jambo moja la kushukuru lililotokea siku hiyo hiyo, hata kama ni dogo, ndipo uendelee na Petro: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote." Wengi wanairuka shukrani, na sala inabaki kuwa malalamiko yaleyale yaliyowaamsha. Zaburi ya 131 ina mistari mitatu tu, ya 4 ina minane na inaishia kwenye kulala: "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara." Ikiisha, zima.

Kuiacha iimbe mpaka asubuhi ni kosa. Sikio linazoea, maneno yanakuwa kelele, na betri inakwisha kabla ya usiku wa pili. Kosa kubwa zaidi ni kuiweka Zaburi 91 chini ya mto ijirudie kama hirizi. Amani inayoahidiwa pale Wafilipi ni ya Mungu anayesikia mtu akisema naye. Spika haiwezi kumsemea mtu huyo.

Chagua rekodi ya msomaji mmoja. Zile za kuigiza, zenye muziki na milio, zinapendeza mchana. Usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa ikiwa imetoka na taa zake, mama wa Igombe au Kayenze hahitaji kusikia Marko 4 yenye radi na mawimbi yanayopiga chombo. Sura yenyewe ni faraja kubwa kwa watu wa ziwa, "Nyamaza, utulie", ila isomwe kwa sauti tulivu.

Redio yenyewe ina kasoro tatu. Ukiiwasha, nyingi hupiga mlio au sauti ya kigeni kwa nguvu na kuamsha nyumba nzima, kwa hivyo iwashe kabla ya kulala, uisimamishe. Taa za rangi zinazowaka na kuzima zibandikwe soloteipu nyeusi. Betri ikianza kuvimba itoe mara moja, usiendelee kuichaji. Chagua redio yenye betri ya kuchomoka, kwa sababu betri iliyochomelewa ndani ikifa, redio nayo imekwisha.

Usingizi ukikataa kwa wiki mbili, hamu ya chakula ikapotea, au mtu akaanza kusema heri afe, mpelekeni hospitali siku hiyo. Bugando kuna idara ya afya ya akili. Redio iende naye wodini. Dawa na sala havigombani.

Kabla ya kulipa, ingiza kadi yako mpaka ilie "ka", cheza Zaburi 23 kwa sauti ya chini kabisa, kisha zima na uwashe tena. Redio nzuri inaendelea pale ilipoishia. Ikirudi mwanzo wa kadi au ikakoroma kwa sauti ya chini, omba nyingine.