Kliniki ya mtaani huku Langoni, Lamu: nawapa nyota 4, na hivi ndo walivyotushika wakati wa korona

Mkiniuliza Lamu hii mzee wa presha au mtoto wa chanjo apelekwe wapi, mi ntawaambia kliniki yetu ya mtaani huku Langoni, ile iliyo ndani ya nyumba ya mawe yenye daka na baraza mbili pale uchochoroni. Nawapa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niloibana ntaeleza mbele. Ni kliniki ndogo, tusidanganyane, haina eksirei, haina vitanda vya kulaza, vipimo ni vile vya kawaida, malaria, sukari, mkojo, mimba, damu, ukizidiwa unaandikiwa barua unapelekwa hospitali ya King Fahd. Lakini kliniki mimi naipima kwa vile ilivyokaa na watu mambo yalipokuwa magumu, na hawa niliwaona wakati wa korona tangu mwanzo hadi mwisho kwa hivyo naongea kitu nakijua.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kesi ya kwanza hapa Kenya ilitangazwa 13 Machi 2020, wiki mbili zilipotimia tu kafyu ikaanza, tarehe 27, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, misikiti imefungwa, madrasa zimefungwa, watalii hakuna, mahoteli ya Shela kimya, vijana wa boti wamekaa tu hawana wa kumvusha. Ramadhani ile tarawehe tuliswali majumbani na Idi vilevile. Na juu ya hayo yote watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe, manake mwanzo ukipatikana nayo au umekaa karibu na mwenye nayo unapelekwa karantini, na habari zilizotufikia ni kwamba watu wanadaiwa pesa za kukaa huko ndo watolewe. Sasa nani atajitokeza aseme ana homa? Mtu anakohoa ndani wiki nzima mlango umefungwa. Wa sukari kaacha dawa, mwenye mimba kaacha kliniki, mtoto katimiza miezi 9 hajachomwa sindano ya surua kwa sababu mamake anaogopa foleni. Hicho ndo kitu hawa walikiona mapema na wakakishika, kwamba korona ni moja lakini presha na surua na uzazi havijaenda likizo, na watu wakikimbia kliniki tutazika wengi kwa mambo yanayotibika.

Kwanza walipanga nyumba. Wanaozijua nyumba zetu za mawe wanajua daka ni pale mlangoni kabla hujaingia ndani, pana baraza na pana upepo, basi pale wakaweka pipa lenye mfereji na sabuni, na sista mmoja na daftari lake. Hupiti bila kunawa na bila kuulizwa. Unakohoa? Una homa? Umetoka safari? Pumzi zikoje? Ukijibu ndio huingii chumba cha mbele kabisa, unazungushwa mlango wa pembeni unakwenda kiwanda cha nyuma, yaani uani, walikoezeka makuti, hakuna ukuta wa kuzuia hewa, kusi likivuma linapita moja kwa moja. Kuna watu walinuna wakaona wanatengwa, mpaka daktari akatoka mwenyewe akawaeleza kuwa ugonjwa huu unabaki hewani kwenye chumba kilichofungwa, na pale nyuma pumzi ya mtu inaondoka na upepo haimpati jirani. Na wao wenyewe walikuwa wanakaa huko huko na wagonjwa, barakoa usoni, jua la saa 6, sikuona aliyelalamika.

Siku nazo wakazigawa. Asubuhi mapema watoto wa chanjo na wajawazito, hao wakimaliza panapigwa deki, ndo wazee wa presha na sukari, wenye homa muda wowote lakini nyuma. Chanjo za watoto hazikusimama hata wakati ule tumefungiwa, zile za wiki 6, 10 na 14 na ile ya surua ya miezi 9 na miezi 18, na mama asiyetokea anapigiwa simu, si kwa ukali, anaulizwa tu mwanangu vipi, mtoto yuko wapi, tukuwekee saa ambayo hakuna watu? Mimi hicho nilikithamini sana. Kuna kwengine, sitapataja, nilipeleka mtoto ana homa wakati huo huo wakanisemesha kwa dirishani tu, wakanambia mpe panadol urudi nyumbani, hata kumgusa hawakumgusa. Nilitoka pale nalia njia nzima. Huku Langoni walimtoboa kidole wakampima malaria, wakamhesabu pumzi kwa saa ya mkononi dakika nzima, wakamsikiliza kifua, ndo wakasema ni mafua ya kawaida tumrudishe akibadilika.

Mama mkwe wangu alipougua ndo nikajua hasa hawa watu ni nani. Ana sukari na ana miaka yake, akashikwa na homa na kikohozi na chakula akawa hakisikii ladha. Tukampeleka kule kiwanda cha nyuma, sista akaja na kile kidude cha kubana kidole cha kupima oksijeni, akakibandika, kikawaka lakini namba inaruka ruka haitulii. Akamshika mkono akautazama. "Bi mkubwa, nipe kidole kisicho na piko." Mama akamwambia, "Mwanangu vyote nimepaka, si nilikuwa najipamba Idi." Na kweli kucha zote nyeusi tii. Sista hakubabaika, akamvua kiatu akakibandika kidole cha mguu ambacho hakikupakwa, akangoja, namba ikatulia. Akanieleza kuwa kidude kile kinapitisha mwanga kwenye kidole na piko nyeusi inauzuia, hina nyekundu haina tabu sana, na kwamba angeandika ile namba ya kwanza mama angekimbizwa hospitali bure au angerudishwa nyumbani na yuko hatarini, hajui. Kitu kidogo hicho lakini mji huu wanawake wa piko ni wangapi? Mtu anayewajua watu wake ndo anafikiria hivyo.

Kwa bahati oksijeni yake haikuwa mbaya na wakati huo serikali ilishakubali watu wasiozidiwa wauguzwe nyumbani, basi wakatupangia. Mama akae chumba chenye dirisha, mmoja tu amhudumie, sahani na kikombe chake mbali, alale kifudifudi akiweza, sukari apimwe asubuhi na jioni manake homa inaipandisha. Kile kidude walituachia kwa amana, wakasema namba ikishuka chini ya 94 tusingoje alfajiri, tupige simu hiyo hiyo kafyu au si kafyu. Na simu wao ndo walipiga, asubuhi na jioni, mpaka akapona alhamdulillah. Hakuna siku waliyosahau. Jirani yetu mmoja yeye namba ilishuka usiku, akaja daktari mwenyewe na vijana wawili na machela, mji huu gari haipiti uchochoroni, wakambeba mpaka King Fahd na barua mkononi ya kuwaonyesha askari njiani. Yuko hai, namuona kila Ijumaa.

Wazee wengine ambao hawakuugua walipewa vidonge vya presha vya miezi 2 kwa mpigo badala ya mwezi mmoja ili wasitoke toke, na wale wahudumu wa afya ya jamii, akina mama wa mtaani tunaowajua wote, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba na mashine ya presha. Hawaingii, wanapima hapo hapo dakani au barazani. Na hapa nataka kusema kitu ambacho wengi hawakukitia maanani. Walipokuwa wanapita walikuwa wanaomba kutazama mabirika na mapipa ya maji. Watu wakashangaa, korona na birika wapi na wapi? Lakini wa umri wangu tunaikumbuka 2004, ile homa ya chikungunya iliyoanzia hapa hapa Lamu, viungo vinauma mtu hawezi kushika kikombe, uchunguzi wa wakati ule ulikadiria kama robo tatu ya watu wa kisiwa waliipata, na baadae ikashuka Mombasa ikavuka mpaka Ngazija kule Komoro. Ilikuwa ukame, kila nyumba imehifadhi maji, na mbu wale wa mchana wanazaa kwenye maji masafi yaliyotuama. Sasa fikiria homa ya aina hiyo inakuja katikati ya korona, nani atajua ipi ni ipi? Ndo maana wakawa wanaangalia, pipa lisilo na kifuniko wanakwambia lifunike, birika wanakwambia rudisha wale samaki wadogo walokuwa wakiwekwa na wazee wetu ili wale viluwiluwi vya mbu. Bibi yangu alikuwa nao, mimi niliwaona tangu utoto nikidhani ni pambo. Hilo halikuwa kwenye tangazo lolote la redio, walilifikiria wao.

Maneno nayo yalikuwa mengi, kila mtu ana voisi kwenye WhatsApp, mara tangawizi na limau inaua kabisa, mara ni ugonjwa wa wazungu jua letu halikubali. Hawa hawakuwatukana watu. Walikaa na maimamu na wale wanaoosha maiti, manake hilo la maiti liliwauma watu sana, mazishi yamewekewa watu 15 na mtu anaogopa mzazi wake atazikwa bila kuoshwa, wakasikilizana wakaulizana, glavu, aproni, barakoa, kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani. Baadae misikiti ilipofunguliwa Julai ile mistari ya kuachana nafasi ilikuwa imeshachorwa na maimamu wenyewe ndo wanaotangaza, mtu hawezi kumbishia imamu kama anavyombishia daktari.

Chanjo ilipoingia nchini Machi 2021, ile AstraZeneca, dozi milioni 1 na kitu za mwanzo, watu hapa waliigomea. Itakukata uzazi, itakuua baada ya miaka 2, na kadhalika. Sista akawa anakwenda wanakokutana akina mama, anakaa chini kwenye mkeka, anajibu swali moja moja. Nililopenda hakusema haina madhara yoyote. Alisema mkono utauma, huenda ukapata homa siku moja mbili, na kuna tatizo la damu kuganda ambalo ni nadra mno, akasema na dalili zake ukiziona uje mbio. Akamalizia kuwa yeye kachanja na mamake kachanja. Wazee wa miaka 58 na zaidi ndo walianza pamoja na walimu na wahudumu wa afya, na mama mkwe akakaa mstari wa mbele. Kisha India ikazuia chanjo kutoka, dozi ya pili ikachelewa, watu wakakata tamaa, lakini majina yalikuwa kwenye daftari na zilipofika walipigiwa mmoja mmoja.

Sasa ile nyota niloibana. Dirisha la kujiandikisha liko pale pale barazani walipokaa watu, unaulizwa tatizo lako kwa sauti na wewe ujibu kwa sauti, mtaa mzima umesikia. Wakati wa korona hilo liliumiza watu wazi wazi, mtu anatajwa homa na kikohozi mbele ya jirani, kesho watoto wake hawachezi na wenzao. Mpaka leo liko vile vile na wenye magonjwa ya siri, hasa mabinti, wanakwenda mbali kwa sababu ya dirisha hilo. Ni pazia tu na kiti ndani, haitaki bajeti. La pili dawa, ukifika mwisho wa mwezi utaambiwa dawa ya sukari imeisha ukanunue nje na nje ni ghali, wanasema mzigo unachelewa kuvuka kutoka Mokowe kule bara, sawa, lakini mwisho wa mwezi unajulikana unakuja. Na Jumapili wanafunga. Homa ya mtoto haijui Jumapili.

Usafi uko vizuri, choo kinaoshwa, lile pipa la kunawia hawajaliondoa hata baada ya korona kutangazwa si dharura tena mwaka 2023, na mimi naomba wasiliondoe kwa sababu kuharisha kwa watoto mtaani kumepungua, hilo tunaliona wenyewe. Daktari hana haraka, anakuangalia usoni ukiongea. Kama unategemea SHA, bima ya afya ya serikali, uliza kabla hujakaa foleni manake mtandao hupotea ukabaki unangoja.

Jumatatu panajaa sana, fika kabla ya saa 2. Mtoto mpeleke na kile kitabu cha mama na mtoto, bila hicho watakurudisha. Binti akivaa piko mwambieni aache japo kidole kimoja. Na mzee asiyeweza kutembea msimburute kwenye jua, pigeni simu kwanza, baada ya alasiri wanakuja wenyewe mpaka mlangoni.