Ziara za nyumbani kwa mzazi na mtoto mchanga: tathmini ya huduma ya mtaani kwetu, Mombasa

Huduma ninayoitathmini hailipiwi wala haina ofisi ya kupendeza, na bado sijaona inayoishinda katika wiki ya kwanza ya mtoto. Ni ziara za nyumbani za wahudumu wa afya ya jamii, ambao wapatao 100,000 waliingizwa katika mpango uliozinduliwa na Rais William Ruto tarehe 25 Septemba 2023, wakapewa mikoba yenye kipimajoto, mashine ya presha, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, pamoja na simu ya kuwekea taarifa.

Sifa yake kubwa kwetu watu wa Pwani ni kwamba inakwenda sambamba na arobaini. Kliniki humtaka mzazi atoke wakati mila inamtaka atulie ndani, na wengi husubiri hadi chanjo ya wiki 6, ilhali takriban robo tatu ya vifo vya watoto wa chini ya siku 28 hutokea katika siku 7 za mwanzo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani na UNICEF, tangu 2009, yalipendekeza mtoto aliyezaliwa azuriwe nyumbani siku ya kwanza na ya tatu, na tena kabla ya wiki kwisha.

Mkaza mwana wangu alipotoka hospitalini, mhudumu wetu hakuja kukagua usafi wa nyumba kama nilivyohofia. Alimfunua mtoto kifua akahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, kwa kuwa zikifika 60 ni dalili ya hatari. Akatazama kitovu, viganja na nyayo, kisha akakaa mpaka mtoto aliponyonya akashiba, huku akimuuliza mzazi kuhusu damu, homa na maumivu ya kichwa. Shangazi yetu alipotaka kumwonjesha mtoto asali, hakumkaripia. Alimwita shangazi huyo “bibi” kwa heshima, akamwomba asali hiyo ampe mzazi, akaeleza kwamba mtoto hahitaji kingine ila maziwa ya mama hadi atimize miezi 6. Shangazi alikubali, ingawa kwa kununa.

Upungufu upo, na mwingi hautokani na mhudumu. Alipoona manjano nyayoni alituandikia barua ya rufaa papo hapo, lakini katika kituo tulichopelekwa barua hiyo haikusomwa na tukapanga foleni kama waliokuja kwa kikohozi. Hapo ndipo huduma inapokatika, kwa maana jicho lililofunzwa kutambua hatari halina faida ikiwa anayepokea mgonjwa halithamini. Simu nayo humla muda. Na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti, ni ndogo mno kwa mtu anayetarajiwa kuzihudumia kaya zipatazo 100.

Kwa anayetarajia mtoto, nashauri aulize mapema katika zahanati ya karibu ni nani mhudumu wa mtaa wake, kisha ampe tarehe ya matarajio na namba ya mtu atakayekuwa nyumbani. Kwetu, hospitali haikumjulisha mhudumu kwamba mzazi ameruhusiwa. Ni sisi tuliompigia.