Miezi 14 ya supavisheni: tathmini ya kituo kimoja cha ushauri nasaha mjini Mombasa

Kituo ninachokitathmini kiko Mombasa kisiwani, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Sitakitaja kwa jina, kwa sababu nimewahudumia wateja humo, na mtu akishajua kituo na miezi niliyofanya kazi hatashindwa kukisia ninamzungumzia nani. Visa vya wateja nimevibadilisha kiasi cha kutotambulika, lakini yaliyonipata mimi nimeyaacha kama yalivyokuwa. Huduma yenyewe ni usimamizi wa kitaaluma wa washauri wapya, ule ambao sisi tumezoea kuuita supavisheni. Nitaeleza pia namna kituo kinavyoendeshwa, kwa kuwa sikuweza kuvitenganisha viwili hivyo hata nilipojaribu.

Nianze na gharama. Mshauri anayetoka nje hulipa shilingi 2,500 kwa saa ya peke yake, au shilingi 1,000 akijiunga na kikundi cha watu 5 kinachokaa kwa dakika 90. Sisi tulioajiriwa hapo hatulipi, na saa ya supavisheni huhesabiwa kuwa saa ya kazi. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa maana mahali nilipotoka supavisheni ilikuwa jambo la kupachikwa kati ya shughuli nyingine. Msimamizi alinikuta koridoni, akauliza wateja wanaendeleaje, nikajibu wanaendelea salama, kisha fomu yangu ikatiwa saini kana kwamba tulikaa saa nzima. Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kazi hii nchini Kenya ina bodi, usajili na leseni, lakini hakuna sheria inayoweza kuingia koridoni kuona kama saa iliyoandikwa ilikaliwa.

Hapa saa yangu ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Katika miezi 14 iliahirishwa mara mbili tu, zote kwa sababu ya msiba, na mara zote mbili ililipwa kabla ya wiki kwisha. Nchini Uingereza, chama kikuu cha washauri, BACP, huwataka wanachama wake wenye ithibati wapate angalau saa moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo saa moja kila wiki kwa mshauri wa mwaka wa kwanza ni kipimo cha ukarimu. Msimamizi wetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, huzima simu na kuitia kwenye mtoto wa meza kabla sijaketi, na hajapata kuitoa kabla ya saa kwisha.

Thamani ya saa hiyo niliijua katika mwezi wa tatu. Alikuwa amekuja mama mmoja wa makamo, akalalamika kuwa ana mawazo mengi na usingizi haumjii. Nilimpa dodoso la PHQ-9, lile lenye maswali 9 ambalo jumla ya alama zake huanzia 0 hadi 27, na ambalo kwa kawaida alama 10 ndizo huchukuliwa kuwa mpaka wa kuanza kushuku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inayohitaji uchunguzi zaidi. Alipata 8. Swali la tisa, linalouliza kuhusu fikra za kufa au kujidhuru, alilijibu kwa kutikisa kichwa kuwa hapana. Niliandika kwenye faili kuwa hali yake ni nyepesi, nikampangia kikao cha wiki iliyofuata.

Mwalimu hakuniuliza alama. Aliniuliza, "Alisemaje, kwa maneno yake?" Sikuweza kujibu, kwa kuwa fomu za kituo zimeandikwa kwa Kiingereza, na nilikuwa nimeyageuza maneno ya yule mama papo hapo yakawa maneno yangu. Aliniacha nikae kimya, akaniomba nirudi kikaoni kwa akili, tangu alipobisha hodi. Ndipo nikakumbuka kwamba alipokuwa akiaga, mkoba ukiwa mkononi, alisema, "Natamani tu nipumzike, mwanangu." Mimi niliyasikia kuwa maneno ya mtu aliyechoshwa na kazi za nyumbani, hata nikamshauri apate msaidizi. Mwalimu aliyarudia polepole mara mbili. Sisi tulioko pwani humwambia mfiwa kuwa marehemu wake amepumzika. Nilihisi mwili ukinipoa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikisifu kituo hiki bila kusita. Mwalimu hakunilaumu, wala hakunifariji kwanza. Alifungua utaratibu ulioandikwa, ambao kila mshauri anao kwenye karatasi moja ya pande mbili, tukaufuata pamoja: mteja apigiwe simu siku hiyo hiyo kwa namba ya kituo, aulizwe waziwazi na kwa upole, ajulikane anaishi na nani na nyumbani mna kitu gani cha kumdhuru, apewe namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ambayo haitozi malipo, na ikibidi apelekwe kwa daktari wa akili. Nilimpigia mteja simu, Mwalimu akiwa kando yangu. Yule mama alilia, akakubali kurudi kesho yake, na aliendelea kuja kwa miezi mingi. Tuliporudi mezani ndipo Mwalimu aliponiuliza mimi ninaendeleaje, na tukakaa na swali hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mwingereza Brigid Proctor alieleza katika miaka ya 1980 kuwa supavisheni ina kazi tatu, nazo ni kulinda viwango, kukuza ujuzi, na kumrejeshea mshauri nguvu. Vituo vingi nilivyoviona hushika ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye fomu. Hapa nilizipata zote tatu katika saa moja, na kwa mpangilio uliofaa, yaani usalama wa mteja kwanza, funzo baadaye, nami mwisho.

Nitaongeza jambo moja juu ya lugha, kwa kuwa linanigusa sana. Mpango wa Friendship Bench, ulioanzishwa mjini Harare mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda, uliwafundisha bibi wazee kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati, na haukuwataka watu waseme wana sonona. Ulianza na neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Ni neno lililo jirani kabisa na mawazo mengi ya kwetu. Kwa nini basi faili la mteja wa Mombasa, aliyezungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, liandikwe kwa lugha isiyoweza kubeba "natamani nipumzike"? Nimelisema hili kituoni mara kadhaa. Baada ya kisa kile tuliruhusiwa kuandika maneno ya mteja kwa Kiswahili ndani ya alama za kunukuu, lakini fomu zenyewe hazijabadilishwa, na hiyo ni kasoro.

Jambo jingine nililojifunza kwenye kiti kile ni kwamba mshauri huja na mteja wake bila kujua. Alhamisi moja nilisimulia visa vitatu ndani ya dakika 15, nikiruka kutoka kimoja hadi kingine. Mwalimu aliuliza, "Leo nani anakukimbiza?" Nikagundua kuwa kijana niliyekuwa naye siku iliyotangulia alikuwa na mtindo huo huo wa kunijaza maneno ili nisiweze kuuliza, nami nilikuwa nimeuleta kwa Mwalimu kama ulivyo. Daktari wa akili wa Marekani, Harold Searles, aliandika juu ya hali hii tangu mwaka 1955. Kuisoma darasani hakukunisaidia kitu mpaka nilipojiona nikiifanya.

Kuhusu uendeshaji, kuna mambo madogo yaliyofikiriwa vizuri. Kikao ni dakika 50, na dakika 10 zinazobaki ni za kuandika, hazigawiwi mteja mwingine. Mshauri mpya hapewi wateja zaidi ya 4 kwa siku, wala hapangiwi visa viwili vya kiwewe mfululizo. Anayetoka hupitia ngazi ya nyuma, asikutane na anayeingia, na katika mji ambao shangazi yako anaweza kuwa amekaa kwenye kiti cha kusubiri, mlango wa pili si anasa. Malipo hupitia namba ya biashara ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lisilotaja ushauri nasaha, ili mwenzake mteja akiusoma ujumbe wa malipo asijue lolote, na mshauri naye hapokei jina la mteja kwenye simu yake binafsi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, vituo vingi vimenunua makabati ya kufuli. Vichache vimefikiria ujumbe wa simu.

Lililonipendeza kuliko yote ni suala la salamu. Vitabu vya kigeni humwambia mshauri asimsemeshe mteja akikutana naye njiani. Kwetu, kumpita mtu unayemjua bila kumwamkia ni tusi, na mteja aliye mkubwa kwangu kwa umri ana haki ya shikamoo yangu. Kituo hulimaliza hili katika kikao cha kwanza: mteja huambiwa kuwa tukikutana sokoni yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuanza, na akipita kimya, nami nitapita kimya kwa heshima. Hakuna mteja wangu hata mmoja aliyelichukua vibaya.

Sasa kasoro iliyo nzito. Mwalimu anayenisimamia ndiye huyo huyo anayeamua kama mkataba wangu utaendelea. Yeye ni mwadilifu, na silalamikii tabia yake, nalalamikia mpango. Katika mwezi wa saba nilirefusha kikao cha mteja mmoja kwa dakika 20, mara tatu, kwa kuwa nilimwonea huruma na nikashindwa kumkatiza. Nililificha hilo kwa wiki mbili, kwa sababu mwezi huo ulikuwa wa tathmini ya kazi. Mshauri anayemwogopa msimamizi wake ataleta visa vyake vizuri na kuviacha vibaya nyumbani, na vibaya ndivyo vinavyohitaji saa ile. Kituo chenye washauri 9 hakishindwi kumpa mtu mwingine kazi ya mikataba.

Supavisheni ya kikundi ni ya wastani. Mtu mmoja mwenye maneno mengi akiwamo, wengine hurudi na visa vyao mfukoni. Ile ya video, inayotumiwa na wenzetu wa Lamu na Taita, inafaa pale tu mtandao unapokubali, na siwezi kumshauri mtu aliye mwezi wake wa kwanza aitegemee peke yake. Kwa mwanafunzi anayejitolea bila mshahara, shilingi 2,500 kwa wiki ni mzigo usiobebeka. Kituo kingeweza kutenga nafasi mbili au tatu za nusu bei.

Kuna hofu moja ya zamani ambayo kituo kimeisaidia kuiondoa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na baadhi yetu tulikuwa tukiogopa hata kuliandika kwenye faili, tusije tukamtia mteja mashakani. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Wiki iliyofuata Mwalimu alituita sote, akatusomea habari hiyo, kisha tukairekebisha ile karatasi ya pande mbili siku hiyo hiyo.

Nimekipa nyota 4 kati ya 5. Nimeuandikia uongozi barua nikiomba mkataba wangu ushughulikiwe na mtu asiye msimamizi wangu, na jibu bado sijalipata. Saa yangu ya Alhamisi nimeiwekea nafasi kwa mwaka mwingine.