Mashua inavuja? Nunua pamba kabla ya rangi

Kila mtu anaulizia rangi gani apake mashua ya mbao isivuje, sasa wakuu rangi haizuii kuvuja, rangi inakaa juu ya ubao na maji yanaingilia pale ubao na ubao vinapokutana. Kwa mashua ya kawaida ya kuvulia mi napanga hivi.

Namba 1 ni pamba ya kalafati, yaani ya kuziba nafasi kati ya ubao na ubao. Chukua ya nyuzi ndefu, isokotwe, ilowe mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa), afu fundi aigongee na chembeu, ile patasi ya kukalafatia. Asishindilie kupita kiasi manake mbao zikinywa maji zinavimba, pamba ikizidi zinasukumana mpaka misumari inalegea. Na kama chombo kimekaa juani miezi kikivuja siku za mwanzo usikimbilie dukani, acha mbao zivimbe kwanza.

Namba 2 rangi ya antifaulingi yenye shaba, ya chini ya maji, inazuia viumbe vya baharini kung'ang'ania chombo. Bei imesimama ila wadudu wanaotoboa mbao hawaipendi kabisa. Soma kopo uone ushushe chombo baada ya muda gani. Ukiuziwa kopo la kale limeandikwa TBT (sumu ya bati) rudisha, ile imepigwa marufuku kimataifa tangu 2008. Wenye boti ya alumini msiiguse hii ya shaba, italiwa.

Namba 3 deheni, chokaa na shahamu tu, rahisi na wazee wametumia miaka na miaka. Shida inatoka haraka, unangoja bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka sana, yakitoka unakichoma chombo kwa chini na moto wa makuti kuua wadudu ndo unapaka upya. Ukiwa na vijana wa kukusaidia ipandishe namba 2, mi sina. Huko juu kusikofika maji paka sifa, harufu utaizoea, mkeo sijui.

Lami naiweka chini kabisa, inaziba leo ila ufa hauonekani tena na fundi akija kukalafati anaanza kwa kukwangua siku nzima.

Faiba juu ya mbao kuukuu nilijaribu mwenyewe, pesa ikaenda. Mbao zinacheza faiba haichezi, ikabanduka, maji yakanasa ndani, nje inang'aa kama sahani kumbe ubao umeoza. Boti iliyoundwa kwa faiba toka mwanzo haina neno.

Silikoni sijaipa namba, iacheni bafuni.