Bunduki ya kwanza ya binti yangu: chombo kizuri, duka la hovyo

Wazazi wenzangu mnaolea watoto huku Ujerumani, kama mtoto wenu amejiunga na klabu ya kulenga shabaha na mnamtafutia bunduki yake ya kwanza ya upepo, basi duka nililokwenda mimi mlipite kama mnavyoipita nyumba yenye mbwa mkali. Jina lake silitaji. Nitaeleza yaliyonipata, nanyi mtalitambua kwa tabia zake mkishafika mlangoni.

Binti yangu ametimiza miaka 12, umri ambao sheria ya hapa inamruhusu kufyatua bunduki ya upepo klabuni akiwa chini ya msimamizi na mzazi akiwa ameridhia. Kabla ya hapo alijifunzia bunduki ya mwanga, isiyotoa risasi yoyote. Bunduki za klabu hutumiwa na watoto wengi, kwa hiyo kila zamu yake ilianza kwa kurekebisha upya kitako na egemeo la shavu alivyoviacha mwenzake, na mazoezi yakaishia humo. Mwalimu wake aliponishauri tumtafutie yake, alinipa sharti moja tu: nisinunue mtoto akiwa nyumbani. Aishike, asimame nayo, nami nimtazame kwa ubavuni.

Sharti hilo lina maana yake. Anayelenga akiwa wima haibebi bunduki kwa nguvu za mkono. Kiwiko cha mkono wa mbele hukaa juu ya nyonga, na uzito hushuka kwenye mifupa mpaka miguuni. Kitako kikizidi urefu, mtoto hunyoosha shingo kulifuata tundu la kulengea. Bunduki ikielemea upande wa mdomo, hujipinda kwa nyuma ili asianguke, na mgongo ambao bado unakua ndio unaoumia. Kwa kuwa shabaha iko mita 10 na ile kumi yenyewe, yaani alama ya juu kabisa iliyo katikati, ni nukta ya nusu milimita, mtoto anayepambana na uzito wa bunduki yake hawezi kuipata ila kwa bahati. Bunduki ya mtu mzima inaruhusiwa kufika kilo 5.5, na mtoto wa miaka 12 hana haja hata ya kuukaribia uzito huo.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana, baridi ilipoanza, tuliingia dukani humo, tukasalimia, na muuzaji, mzee wa makamo, hakuitikia. Aliendelea kufuta kioo cha meza. Nilipomweleza shida yangu aliniuliza kwanza kama mtoto huyu kweli ni mwanachama wa klabu, nami nikamwonyesha kitambulisho chake, ambacho sikuwaona wateja wengine wakiombwa. Akashusha ukutani bunduki ndefu ya watu wazima. Binti yangu alinyoosha mikono kuipokea, na yule bwana akairudisha kifuani pake, akasema kwamba vyombo hivi si vya kuchezea na kwamba watoto hukua, mwakani itamtosha. Kuchezea! Mtoto ambaye alifundishwa, kabla ya jambo lingine lolote, kuelekeza mdomo wa bunduki kwenye shabaha na kuweka kidole mbali na kifyatulio, anaambiwa hivyo mbele ya watu, naye akatazama viatu vyake. Mpaka leo nikilikumbuka tendo lile natetemeka.

Tungeondoka palepale, kama si dada mmoja kijana aliyetoka chumba cha nyuma na kusikia. Huyu sina la kumlaumu. Alileta bunduki ya vijana iliyokwisha tumika, akapunguza vipande vya kitako, akashusha egemeo la shavu, akamwambia binti yangu afumbe macho, ajiweke sawa, kisha afumbue aone tundu limekaa wapi. Lilikuwa mbele ya jicho lake. Nililipa bila kubishania bei, na kwa miezi kadhaa nilikuwa tayari kuandika kwamba duka lile ni zuri ukimpata mtu anayefaa, maana matundu kwenye karatasi zake yalianza kukaribiana na maumivu ya mgongo yakakoma.

Kisha yakaja mashindano. Mkaguzi wa vifaa aliupindua mtungi wa hewa, ule unaofungwa kwenye bunduki na kuipa hewa ya kusukuma risasi, akasoma tarehe iliyochapwa ubavuni, akatikisa kichwa. Mitungi hii hubeba hewa ya shinikizo kubwa, kwa kawaida bari 200, na muda wake wa matumizi ni miaka 10. Ukishapita, haukubaliwi mashindanoni. Wetu ulikuwa umeisha. Binti yangu alishindana kwa bunduki ya kuazima ambayo kitako chake hakikumfaa, na sihitaji kuwaambia matokeo.

Nilirudi dukani nikiwa na risiti. Aliyenipokea ni yule yule bwana, na ndiye aliyetufungia mzigo siku ile na kutia sahihi kwamba ameukagua. Alinijibu kuwa mtungi unajaa vizuri, haupumui, na kwamba kusoma tarehe ni kazi ya mnunuzi. Kisha akaniuliza kama ningependa kununua mpya.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Bunduki ya vijana yenye kitako cha kurekebishika naisifu, hata ikiwa ya mkono wa pili, na ningeinunua tena. Duka ningelipa nyota mbili kwa heshima ya yule dada, lakini nasikia ameacha kazi pale, basi nabakiza moja, na hiyo nayo ni kwa sababu maegesho yao ni ya bure. Mtungi mpya tumeununua kwingine, na tarehe yake binti yangu aliisoma mwenyewe, kwa sauti, kabla sijatoa pesa.