Muhula Mmoja wa Masomo ya Biashara ya Jioni, Malindi

Nina duka la leso na vitambaa karibu na mji wa kale wa Malindi, nalo nimeliendesha miaka kumi na minne kwa kichwa na kwa daftari moja la madeni. Mwezi wa Januari nilijiandikisha katika chuo kimoja cha hapa mjini, ambacho sitakitaja jina, kusoma misingi ya biashara jioni. Masomo ni Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa mbili usiku, na karo niliyotozwa ni shilingi 18,000 kwa muhula.

Kilichonirudisha darasani kila siku ni somo la uhasibu. Siku ya pili mwalimu alimtaka kila mwenye biashara aeleze faida yake ya mwezi uliopita, nami nikataja fedha zilizobaki kwenye droo na kwenye M-Pesa. Akaniuliza kwa upole, "Mama, na leso ulizowapa watu wako harusini, umeziandika wapi?" Sikuwa nimeziandika popote. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba bidhaa anazochukua mwenye duka hazihesabiwi kuwa zimeuzwa wala kuwa zimepotea, bali huandikwa katika hesabu yake mwenyewe na kupunguza mtaji wake. Nilipofungua ukurasa huo dukani, ulijaa kabla ya mwezi kwisha.

Vivyo hivyo kwa madeni. Kila shughuli hugusa pande mbili: doti ninayoikopesha inapunguza mali iliyo rafuni na papo hapo inaongeza fedha ninazodai, ilhali mimi nilikuwa nikiona upande mmoja tu na kuuita mauzo. Nilipojumlisha nilikuta nawadai wateja shilingi 63,400, nyingine tangu Idi ya mwaka juzi. Mwalimu alitueleza kuwa utaratibu huu ulichapishwa Venice mwaka 1494 na mtawa Luca Pacioli, yaani miaka minne kabla ya Vasco da Gama kutia nanga hapa kwetu. Katika mji wenye Waitaliano wengi kama huu, darasa zima lilicheka. Somo la kodi nalo lilinifaa, kwa kuwa kodi ya asilimia 3 wanayotozwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hukatwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida, na asiyejua faida yake huweza kuilipa kutoka kwenye mtaji bila kutambua.

Masoko lilifundishwa vibaya. Mifano yote ilikuwa ya kampuni kubwa za ng'ambo, na hatukusikia neno lolote kuhusu miezi ya kusi, hoteli zinapofunga milango na mji ukanyamaza, ingawa nusu ya darasa letu hutegemea wageni kwa njia moja au nyingine. Chumba cha kompyuta kina mashine tisa zinazofanya kazi, na sisi tulikuwa ishirini na wawili. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa kwa ajili ya ofisi tu.

Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba wanafunzi wa jioni tunachukuliwa kama makombo ya wale wa mchana. Magharibi huingia katikati ya kipindi, na mwalimu wa uhasibu pekee ndiye aliyetupa robo saa ya kuswali. Wa sheria aliendelea kusoma maandishi yake kana kwamba hakusikia adhana. Katika mwezi wa Ramadhani ratiba haikubadilishwa hata kwa dakika, na waliokwenda kufuturu waliandikwa kuwa watoro. Tulipeleka barua, na mpaka leo haijajibiwa.

Anayetaka kujiunga aulize mapema kuhusu ada ya mtihani, kwa sababu haimo katika karo na mimi niliambiwa wiki mbili tu kabla ya kufanya mtihani. Aidha, atenge nauli ya tuktuk ya kurudi, hasa akikaa mbali kama Muyeye. Muhula wa pili nimeshaulipia, kwa kuwa ndimo linamoanza somo la kukadiria gharama na bei, na mwalimu ni yule yule. Kompyuta nitaendelea kufundishwa na mwanangu nyumbani.