Chupa ya kuta mbili kwenye joto la Dar: uzoefu wangu

Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam haina asubuhi ya ubaridi. Kundi letu la baiskeli likiondoka Msasani saa kumi na mbili na nusu, hewa tayari ni nyuzi 25 au 26 na unyevu umejaa kiasi kwamba jasho linatiririka badala ya kukauka. Mkigeuza Bunju kurudi mjini, lami imeanza kurusha joto usoni na maji ya chupa ya kawaida yanafaa kuogea tu. Hapo ndipo chupa ya kuta mbili, ile iliyotengenezwa kutunza baridi, inapoonyesha kazi yake. Hukumu yangu niitoe mapema: nunua moja, usinunue mbili. Kishikio cha pili kwenye fremu kiachie chupa ya kawaida ya mililita 750.

Sababu ni ujazo. Kipenyo cha nje cha chupa ya baiskeli hakibadiliki, ni kama milimita 73, ili ikae kwenye vishikio vyote. Sasa ukiweka ukuta wa pili, na katikati yake sponji au karatasi ya kung'aa, nafasi inayoliwa ni ya maji. Ninayotumia ni ya mililita 620, na kwa urefu inalingana na ya kawaida ya 750. Ukibeba mbili za aina hii umepunguza zaidi ya robo lita, na kwenye joto robo lita si kitu cha kuchezea. Mwenye fremu ndogo apime kwanza kwa rula: chupa ndefu inaweza kugota bomba la juu kabla haijatoka kwenye kishikio. Chupa za chuma zinazotunza chai zisikushawishi. Baridi zinatunza kweli, lakini huwezi kuzibinya, na kunywa bila kubinya ukiwa kwenye mwendo ni kazi.

Mpangilio wa kunywa ni muhimu kuliko chupa yenyewe. Anza na ile ya kawaida, maana itapata moto hata ukiihurumia. Saa nzima ya kwanza iwe yake. Ya kuta mbili ibaki kwa safari ya kurudi. Ukianza na ya baridi kwa sababu ni tamu, umelipia ukuta wa pili bure.

Wengi wanakosea kwenye kugandisha. Wanajaza chupa mpaka shingoni, wanaitupa kwenye friza, asubuhi wanakuta kifuniko kimenyanyuka au plastiki imepasuka kwenye mshono wa chini, kwa sababu maji yakiganda huongezeka kama asilimia tisa. Hata isipopasuka, barafu inaziba njia na unabinya bila kupata tone. Weka mililita 250 tu, kisha ilaze mshazari bila kifuniko, mdomo ukiwa juu, ili barafu ishike ubavuni. Iache usiku mzima: ukuta uleule unaozuia joto kuingia unazuia pia baridi ya friza, kwa hiyo saa mbili tatu hazitoshi. Asubuhi jazia maji yaliyolala kwenye friji. Kwa namna hii, kwangu barafu inasikika ikigonga ndani kwa saa moja na nusu hivi, na baada ya hapo maji yanabaki ya kunyweka kwa muda mrefu. Ikiwa umetia vipande vya barafu tu na maji ya bomba, punguza matarajio yako kwa nusu.

Kinachogandishwa kiwe maji matupu. Ukigandisha maji yenye sukari na chumvi, sehemu nzito ndiyo inayoyeyuka kwanza: mafunda ya mwanzo yanakuwa kama sharubati, ya mwisho hayana ladha wala chumvi.

Chumvi yenyewe mimi natoa kwenye ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya duka la dawa. Pakiti ya kawaida ya gramu 20.5, kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, imepimwa kwa lita moja na ina chumvi ya kula gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitreti 2.9. Kwa mgonjwa wa kuhara kipimo hicho ni sawa. Kwa mwendesha baiskeli ni kikali kidogo, na glukosi yake ni chache mno kumpa mtu nguvu. Nayeyusha pakiti moja kwenye nusu lita usiku na kuiweka friji. Asubuhi mililita 150 zinaingia kwenye chupa ya barafu na 190 kwenye ile kubwa, kisha najazia maji. Hapo inakuwa karibu nusu ya ukali, sodiamu ya miligramu 800 hivi kwa lita. Safari ikizidi saa moja na nusu naongeza sukari gramu 30 kwa kila chupa, yaani vijiko sita hivi vya chai. Usipande sana juu ya hapo, tumbo litachelewa kuisukuma na utasikia maji yakicheza ndani. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 unamwagwa. Soma pia pakiti, kwa sababu zipo za ujazo mdogo kuliko lita. Mwenye presha, kisukari au figo amuulize daktari kwanza.

Na madafu? Mazuri, hasa mkisimama njiani. Ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Dafu halichukui nafasi ya chumvi. Wala maji matupu kwa wingi hayasaidii. Anayejilazimisha kunywa kuliko kiu yake anaweza kushusha chumvi ya damu mpaka aumwe na kichwa na kutapika, na wenzake wakadhani ameishiwa maji wakamwongezea mengine. Jipime kwenye mizani kabla na baada ya safari. Kilo moja iliyopotea ni takriban lita moja. Ukirudi na uzito zaidi ya ule wa mwanzo, ulikunywa kupita kiasi.

Sasa lawama. Yangu ni ya Kariakoo, haina jina la kutajika, na udhaifu wake uko kwenye mdomo. Ndani ya mdomo kuna kipande laini cha silikoni chenye mkato wa msalaba; kikichoka kinavujisha. Chini yake, pale ambapo brashi haifiki, sukari inaganda na kuota ukungu mweusi. Kichomoe kila baada ya safari, sugua kwa mswaki wa zamani na soda ya kuokea, na uanike vipande vikiwa mbalimbali. Maji yanayochemka yasikaribie chupa: kuta zinaachana na maji yakiingia katikati hayatoki tena. Kasoro nyingine ni ugumu. Kuta mbili hazibinyiki kama moja, na mwenye mkono mdogo atalazimika kubinya mara mbili kupata funda moja. Kwa barabara ya Bagamoyo kifuniko cha vumbi juu ya mdomo ni lazima. Tope la pembeni ya barabara lina kila kitu ndani yake, na sitaki kukitaja.

Ikijaa, chupa hii inafika robo tatu ya kilo, kwa hiyo kishikio kilicholegea kitaitema kwenye matuta. Cha alumini unakibana kwa mkono kuelekea ndani kidogo, na skrubu zake zikazwe kwa alenkii (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4. Kwenye kundi, chupa inayobingirika chini ya tairi la wa nyuma ni hatari kuliko kiu. Kunywa ukiwa umeshuka mkiani baada ya kuongoza, mkono mmoja ukiwa karibu na breki, na kamwe usinywe pale wa mbele anapopiga kelele ya tuta au shimo.

Chupa haitakupoza mwili peke yake. Kwa unyevu wetu wa pwani, maji unayojimwagia kichwani yanasaidia zaidi ukiwa kwenye mwendo, upepo ukiyakausha. Mkisimama juani faida inapungua haraka. Barafu kwenye soksi ndefu ya nailoni, ikafungwa na kuwekwa nyuma ya shingo chini ya jezi, inafanya kazi vizuri kuliko nusu lita ya kujimwagia. Mwenzenu akianza kuhisi baridi na kusisimka mwili kwenye jua kali au kujibu maswali hovyo, safari yake imeisha: mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni, na liiteni gari la kusindikiza. Akiwa amechanganyikiwa, hospitali.

Dukani, kabla ya kulipa, omba maji. Jaza chupa, funga, igeuze kichwa chini na uibinye mdomo ukiwa umefungwa. Pakitoka tone pale kifuniko kinapokazwa, chukua nyingine. Kisha fungua mdomo na ubinye kwa mkono mmoja, ule utakaoutumia barabarani. Uliza pia kama wanauza kile kipande cha silikoni peke yake, kwa sababu ndicho kitakachokufa kwanza.